Elfu Kumi Kiti cha Nyuma

Fuata nyuki ule asali, ndivyo tulivyofunzwa.
Jioni hii nyuki ndio wanaonifuata mimi,
elfu kumi, ndani ya sanduku la mbao nyepesi
lililofungwa mkanda kiti cha nyuma
kama mtoto anayepelekwa kliniki.

Mshindo amekaa mbele, wavu wa uso ameshauvaa,
na glovu za kuoshea vyombo hadi viwikoni.
"Punguza mwendo," ananong'ona.
Nimeshapunguza. Trekta limetupita.

Bwana Ridley alitukabidhi saa tatu usiku, bado kweupe,
maana Mei ya Northumberland jua halijui kulala.
Alisubiri wa mwisho warudi toka maua ya matufaha,
akaziba mlango kwa kipande cha sponji,
akahesabu noti zangu mara mbili, akauliza:
"Umewahi kufuga?"
Kuku, nikasema.
Akacheka bila kutoa sauti.
"Hawa hawaji ukiwaita."

Kwenye mzunguko wa kuingia Hexham
mmoja akatokeza.
Sijui alipenya wapi.
Akapanda kioo cha mbele, akashuka, akapanda,
kama fundi anayekagua kazi ya mwenzake.
Mshindo akaanza Ayatul Kursi.
Mimi nikaliwaza lile neno letu, mzinga:
nyumba ya nyuki,
na pia bunduki ile kubwa ya kubomolea ngome.
Walioitunga lugha hii hawakuwa wazembe.

Na ile sauti.
Ni friji ya jirani ukutani,
ni msikiti dakika moja kabla imamu hajakohoa.
Kila tuta la barabarani wakaipandisha,
kisha, polepole, wakaishusha.
Nikajikuta naomba radhi kwa kila shimo:
Poleni. Poleni tena.

Bustani yetu ni hatua kumi na moja kwa sita.
Bi Winifred wa upande wa pili wa ua
alitoka na ndara, akatumulikia tochi, hakuuliza kitu.
Nilimwahidi chupa ya kwanza,
chupa ambayo bado ni maua.
Nikaliweka sanduku juu ya matofali manne;
moja likacheza, nikalitia kigae.
Nikavuta sponji.
Nikakimbia.
Hakuna aliyenifukuza.

Usiku nilisoma kitabu cha maktaba, ukurasa wa malkia;
wetu ana nukta ya kijani mgongoni.
Nikawaza majana, wale watoto weupe
kila mmoja katika chumba chake cha nta.
Jana tunamwita,
naye ndiye kesho.

Asubuhi, umande.
Wakatoka, lakini nyuso wameuelekezea mzinga,
wakirudi kinyumenyume hewani, kushoto, kulia,
wakiikariri nyumba: kamba ya nguo,
ndoo ya bluu, dirisha lenye ufa.
Nami wiki yangu ya kwanza hapa nilitoka hivyo hivyo,
nikigeuka kila baada ya nyumba tatu,
milango kumi na saba hadi duka la samaki,
ule mwekundu ndio wetu,
hapana, ule mwekundu mwingine.

Ndipo nikamkumbuka yule wa garini.
Alikuwa juu ya dashibodi, amejikunja kwa baridi.
Nikampumulia kiganjani.
Nikampa maji ya sukari kwenye ncha ya njiti ya kiberiti;
akatoa ulimi wa rangi ya chai, akanywa,
akanywa, akafuta macho.
Nikambeba hadi kizingitini.

Walinzi wawili wakamjia.
Wakamnusa kichwa, mbavu, tumbo,
nami nikaujua mkao ule,
nimewahi kusimama katika mstari ule,
begi wazi, mikono hewani.
Hodi, nikamsemea.
Wakampisha.

Mwingine, bila sababu niijuayo,
akaniuma sikio.
Dirishani, Mshindo, bado na glovu zake,
akapiga makofi.